Jina la Mgonjwa na Namba ya Chuma

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hakuhitaji shahada ya chuo ili aujue umuhimu wa mizani. Tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, alijua kwamba mizani ikidanganya kidogo katika kila gunia, mwisho wa msimu ni karo ya mtoto iliyopotea. Ndiyo maana serikali, ya mkoloni na baadaye ya kwetu wenyewe, iliweka wakaguzi wa mizani, na mizani iliyokaguliwa ikagongwa muhuri. Muuza nyama akikutwa na mizani isiyo na muhuri huulizwa, na asipokuwa na jibu hupelekwa mbele ya sheria. Hakuna anayeona ajabu.

Lakini mtu huyohuyo anayebishana sokoni kwa ajili ya robo kilo ya nyama, siku akilazwa juu ya meza ya upasuaji, huingia katika chumba chenye vipimo vingi kuliko soko zima. Kipo kipimo cha shinikizo la damu, kipo cha oksijeni, ipo mashine ya nusu kaputi inayogawa hewa na dawa ya usingizi, na pengine lipo bamba la chuma litakalobaki ndani ya mwili wake mpaka kufa. Ni nani amevikagua vitu hivi? Vikileta madhara, nani ataulizwa? Maswali haya nchi yetu ilichelewa kuyauliza, na napenda katika kurasa hizi tufuatane, ndugu msomaji, tuone tulivyofika hapa tulipo.

Naandika nikiwa Njoro, kata ya mji wa Moshi. Watu wa upande huu si wageni wa hospitali. Huku mjini iko Mawenzi, hospitali ya mkoa, na iko KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwezi Machi 1971. Huko juu mlimani zimekuwako tangu zamani hospitali za misheni: Machame, Kibosho, Kilema, na Huruma ya Rombo. Aghalabu kila ukoo una mtu aliyewahi kupasuliwa, na kila ukoo una muuguzi, mkunga au mganga msaidizi. Hata hivyo, mazoea hayo hayakutufundisha kuuliza. Pengine yalitufundisha kinyume chake, kwani anayekushika mkono usiku wa maumivu huoni vema kumhoji asubuhi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: mwenye shida apewe, asisumbuliwe kwa maswali. Lakini katika chumba cha upasuaji methali hiyo, ikichukuliwa vibaya, inaweza kuua.

Tuanze na sheria. Sheria ya madaktari iliyorithiwa na nchi huru ilitungwa mwaka 1959, wakati bendera ya Mwingereza ingali inapepea. Ilihusu nani aandikishwe kuwa daktari, na nani afutwe katika daftari kwa utovu wa maadili. Ilimtazama mtu, haikukitazama kifaa kilicho mkononi mwake. Miaka 19 baadaye, mwaka 1978, Bunge lilipitisha Sheria ya Dawa na Sumu. Hiyo nayo, kama jina lake lilivyo, macho yake yalikuwa zaidi kwenye vidonge, chupa na maduka ya dawa. Mwaka 1983 ikaja sheria ya kinga dhidi ya mionzi, na hapo kwa mara ya kwanza mashine ya eksirei ikawekewa mlinzi wa peke yake. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, yenye ofisi Arusha, majirani zetu.

Msomaji ataona kwamba sheria zilikuja vipande vipande, kama nguo inayotiwa viraka. Haikuwa ajabu sana kwa wakati ule. Kuanzia mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida ilipigwa marufuku, na hospitali zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Serikali ilijiona kuwa ndiyo mnunuzi, ndiyo mtumiaji na ndiyo mkaguzi. Kisha mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Zahanati na hospitali za watu binafsi zikachipuka katika miji yetu, na mashine za ultrasaundi na eksirei, nyingine mpya na nyingine zilizokwisha kutumika Ulaya, zikaanza kuingia kwa njia nyingi. Mnunuzi hakuwa mmoja tena, na jicho la zamani halikutosha.

Hapo ndipo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilipoleta chombo kipya, TFDA, kilichoanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Sheria hii ilivitaja vifaa tiba waziwazi kuwa ni vitu vya kudhibitiwa: ubora, usalama na ufanisi wake. Kwenye karatasi, bomba la sindano na chuma cha mfupa vilipata mkaguzi, kama mizani ya kahawa ilivyompata wake. Lakini kukipata kifaa chenye muhuri ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni namna kinavyotumika, na juu ya nani.

Jambo hilo lilidhihirika kwa uchungu mwezi Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri upasuaji. Mmoja alikuwa na tatizo la kichwa, mwingine la goti. Majina yao ya kwanza yalifanana. Aliyekuja kwa ajili ya goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa ajili ya kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa kichwa alifariki baadaye, na mwenzake akapelekwa India kwa matibabu. Nchi nzima ilishtuka. Uchunguzi ukafanywa, baadhi ya waliohusika wakasimamishwa kazi, na kwa miezi mingi habari hiyo ilikuwa mazungumzo ya kila daladala na kila kijiwe.

Nakumbuka namna watu walivyolizungumza hapa Moshi. Wengi walitaka kujua jina la daktari. Wachache waliuliza swali lililo gumu zaidi: wagonjwa wale walipita mikono ya watu wangapi tangu kitandani mpaka mezani, na katika mikono hiyo yote, ni wangapi waliotakiwa kwa utaratibu kuuliza, “Wewe ni nani, na umekuja kufanyiwa nini?” Kosa la namna hii si la mkono mmoja. Kisu hushikwa na mmoja, lakini mgonjwa huletwa na wengi.

Jambo la kutafakarisha ni kwamba katika kipindi kilekile, katika nchi hiihii, dawa ya kosa hilo ilikuwa ikijaribiwa. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio ya karatasi ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani. Majina ya miji hiyo ni Seattle, Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Naam, Ifakara yetu, ya mkoa wa Morogoro. Karatasi yenyewe ina mambo 19 tu, na inawasimamisha watumishi mara tatu. Kabla ya nusu kaputi, mgonjwa mwenyewe anaulizwa jina lake, mahali pa kupasuliwa na upasuaji gani. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani anajitaja na kazi yake, na wote wanathibitisha kwa sauti kwamba mgonjwa ni huyu na mahali ni hapa. Kabla ya kutoka, vyombo, sindano na vitambaa vinahesabiwa, na linaulizwa swali moja ambalo watu hulisahau: je, kuna kifaa kilicholeta matatizo ambacho inafaa kishughulikiwe?

Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa wagonjwa zaidi ya 7,600 waliofuatiliwa kabla na baada ya karatasi hiyo kuanza kutumika, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Katika karatasi hiyo mgonjwa anaulizwa mwanzo kabisa, kabla ya usingizi kumchukua. Methali yetu ya uji ilipata mpaka wake.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba karatasi ni hirizi. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi wao wa hospitali 101 zilizoagizwa kutumia karatasi hiyo, na hawakuona tofauti kubwa ya vifo wala ya matatizo. Wako waliosema karatasi haifai. Wako waliosema, na mimi naegemea kwao, kwamba kuweka alama ya vema ni jambo moja, na kuuliza ni jambo jingine. Sisi tuliosoma shule za zamani tunakumbuka daftari la mahudhurio lililojazwa na kiranja kabla wanafunzi hawajafika. Daftari lilikuwa safi kabisa, na madawati matupu.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 majirani zetu wa Kenya nao walifikwa na msiba unaofanana na wetu. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa ambaye hakustahili kupasuliwa kichwa alifunguliwa fuvu, kwa sababu tepe za majina zilibadilishana kati yake na mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda ndani ya kichwa. Madaktari waligundua saa kadhaa baada ya kuanza, walipoitafuta damu hiyo wasiione. Mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima, daktari aliyepasua na wenzake wakasimamishwa. Ndipo madaktari wenzake wakalalamika: utepe hakuufunga yeye, mbona mzigo anatwishwa yeye? Sisemi kwamba hana la kujibu. Nasema malalamiko yao yalikuwa na swali la haki ndani yake, na miaka zaidi ya kumi baada ya Muhimbili, lilikuwa ni swali lilelile.

Maana uwajibikaji una sura mbili, na sisi tumeizoea moja. Sura tuliyoizoea ni ya kumtafuta mtu wa kubeba lawama baada ya madhara. Tarehe 9 Novemba 2015, Rais John Magufuli, akiwa na siku chache tu Ikulu, alifika Muhimbili bila kutarajiwa. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, na mashine kubwa za uchunguzi, MRI na CT-Scan, hazifanyi kazi. Siku hiyohiyo bodi ya hospitali ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, na amri ikatolewa mashine zitengenezwe upesi. Wananchi walishangilia, na nilisikia kelele za furaha mpaka mitaani hapa kwetu. Lakini nchi ina hospitali nyingi, na Rais ni mmoja. Mashine ambayo inangoja ugeni wa Rais ili itengenezwe haina mwenyewe. Fundi wake yuko wapi? Daftari la matengenezo liko wapi? Fungu la vipuri lilipangwa na nani? Haya ndiyo maswali ya sura ya pili ya uwajibikaji, ile inayofanya kazi kabla ya madhara, kila siku, bila wapiga picha.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliangalia vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu si fumbo: mafundi wachache, vipuri hakuna, umeme unaoruka, na misaada inayoletwa bila kuuliza mpokeaji ana nini cha kuiendeshea. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo wa misaada ya vifaa vya tiba mwaka 2000. Mwenye kupewa naye ana haki ya kukataa. Lakini nani kwetu huku hukataa zawadi mbele ya mgeni?

Sasa nije kwenye chuma, maana hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani. Hapa mtaani Njoro yupo kijana mwendesha bodaboda aliyevunjika mguu na kuwekewa bamba na skrubu katika hospitali moja iliyo mbali na mkoa huu. Mfupa uliunga. Baada ya miaka kadhaa mguu ukaanza kumsumbua, akaambiwa chuma kitolewe. Daktari wa pili akamuuliza: chuma hiki ni cha kampuni gani, cha namna gani, kiliwekwa lini? Kijana hakuwa na jibu. Faili lake halikupatikana, na karatasi aliyotoka nayo hospitali iliandikwa tu kwamba amefanyiwa upasuaji. Msomaji atauliza, chuma si chuma? Hapana. Vichwa vya skrubu hutofautiana kama funguo, na bisibisi ya mtengenezaji mmoja hainasi katika skrubu ya mwingine. Daktari asiyejua atakachokikuta ndani atalazimika kubahatisha, na mguu unaobahatishwa ni wa mtu anayelisha watoto. Kijana yule bado anachechemea, anangoja.

Nchi za wenzetu zilijifunza somo hili kwa gharama. Huko Ufaransa, mwaka 2010, iligundulika kwamba kampuni ya PIP ilitengeneza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kuwekwa mwilini. Wanawake wengi katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuwekewa. Swali la kwanza kila mahali lilikuwa hilohilo la kijana wa Njoro: nani ana nini mwilini mwake? Mwenye kumbukumbu aliweza kuitwa na kuangaliwa. Asiye na kumbukumbu alibaki na hofu yake.

Lakini mifano mizuri ipo, na mingine iko karibu. Lipo shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, linalotengeneza misumari ya kuunga mifupa mirefu katika hospitali zisizo na eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Muhimbili ni mojawapo ya hospitali zilizoitumia. Utaratibu wake ni rahisi. Daktari akiweka msumari, huandika taarifa ya mgonjwa pamoja na picha ya eksirei na kuituma kwenye kumbukumbu ya pamoja, kisha shirika hurudisha misumari mingine badala ya iliyotumika. Asiyeandika, akiba yake inakauka. Hapo hakuna polisi wala hotuba. Uandishi wenyewe ndio ufunguo wa ghala.

Na hapa hapa Moshi, katika eneo la KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT kinachofundisha ufundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Mguu wa bandia una heri moja ambayo bamba la chuma halina: unaonekana. Ukibana, mwenyewe husema. Fundi huufungua, huukwangua, huujaribu tena, na mgonjwa husimama mbele yake aonekane anavyotembea. Fundi na mtumiaji wanatazamana usoni. Laiti uhusiano huo tungeuhamishia kwenye vifaa visivyoonekana, tungekuwa tumefika mbali.

Sheria nazo hazikulala. Mwaka 2017 ilipitishwa sheria mpya ya wanataaluma wa tiba, iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni na kulipa nguvu mpya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwaka 2018 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi. Mwishoni mwa mwaka huo TFDA ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, ya kwanza kufika hapo katika Afrika. Tarehe 1 Julai 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango, na chombo kile kikapewa jina jipya, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zamani vifaa tiba vilijificha nyuma ya chakula na dawa. Sasa viko katika jina lenyewe. Si jambo dogo. Mamlaka hiyo inapokea taarifa za madhara ya dawa na vifaa tiba, na wananchi nao wanaweza kuzitoa.

Hatuna budi kulishika hilo la mwisho. Sheria ya mizani haikufanya kazi kwa sababu mkaguzi alikuwa kila soko. Ilifanya kazi kwa sababu mkulima alisimama mbele ya mizani akatazama mshale. Nasi tunaweza kusimama. Mtu anayekwenda kupasuliwa, au ndugu yake akiwa yeye hajiwezi, anaweza kusema jina lake kamili na sehemu inayouma kwa kila anayemshika, hata kama amekwisha kusema mara nne. Anaweza kuomba kwa adabu kwamba karatasi ya kutoka hospitali iandikwe upasuaji uliofanywa, na kama ametiwa kifaa mwilini, jina la kifaa, mtengenezaji, namba yake na tarehe. Kibandiko chenye namba hiyo, kikija na kifaa, kibandikwe kwenye karatasi yake, na karatasi ihifadhiwe pamoja na hati ya kiwanja.

Kuna watakaosema huku ni kuwakosea heshima madaktari. Madaktari ninaowafahamu, na mji huu unao wengi, wanasema kinyume. Wanasema mgonjwa anayeuliza huwapunguzia mzigo, na kwamba muuguzi mdogo anayethubutu kumwambia bingwa “tusubiri, tuhesabu tena vitambaa” ni mali kuliko mashine mpya. Wanachokiogopa ni kubebeshwa peke yao lawama ya mashine wasiyoinunua, ya utepe wasioufunga, na ya faili lililopotea mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo maslahi yao na yetu ni mamoja. Kila kitu kikiwa kimeandikwa, mkosaji atajulikana, na asiye na kosa naye atajulikana vilevile.

Kijana wetu wa bodaboda amepewa tarehe nyingine. Safari hii amekwenda na picha mpya ya eksirei, na daktari, kwa kuutazama umbo la bamba na vichwa vya skrubu, ameanza kukisia limetoka kwa nani. Amemwambia pia kwamba atakapokitoa chuma hicho atampa karatasi yenye maelezo yote. Kijana alitueleza hayo kama mtu aliyepewa kitu kikubwa, ingawa ni karatasi tu, na ilikuwa haki yake tangu siku ya kwanza.